Fundi wa Mabao Aliyewachagulia Wana-Mkuyuni Dereva

MKUYUNI, Juni 1976 — Saa kumi na mbili asubuhi, Jumamosi, Ndugu Yunusi Pazi ameshashika tezo. Anachimba shimo la ishirini na tisa kwenye ubao wa mninga. Yakitimia thelathini na mawili, bao litakuwa tayari kwa kete za komwe na kwa ubishi.

Bao moja humchukua siku nne na kumpatia shilingi thelathini. "Ukitaka utajiri, usichonge bao," anasema. "Ukitaka kuwajua watu, chonga, kisha keti ucheze nao."

Yangekuwa maneno ya barazani tu, kama si lori. Mwaka jana kijiji kilipata lori la kupeleka ndizi na machungwa Morogoro mjini. Wenye leseni walikuwa watatu, na kamati ikabishana jioni tatu nzima. Mwisho wakamwita Yunusi: wewe umecheza nao wote, hebu sema.

Kwake halikuwa swali dogo. Mkewe, Bi Shamsia, ndiye aliyeteuliwa kusimamia mauzo. Angepanda lori hilo kila Jumamosi, kwenye kona zile na madaraja yale ya magogo.

"Selemani akiona kete za kula, anakula tu, hatazami anaacha nini nyuma," anasimulia. "Abdallah akizidiwa anagonga bao kwa goti, anasema bahati mbaya. Akabaki Salum."

Hapo anacheka mpaka anaweka tezo chini. "Salum anaudhi, ndugu mwandishi. Anafikiri, anakuna kichwa, anafikiri tena. Nimewahi kwenda kuswali adhuhuri, nikarudi, hajacheza. Nikawaambia, mpeni huyo."

Kijiji kizima kilicheka, na lori likabatizwa Mwendapole.

Masika ya mwaka huu kicheko kiligeuka. Salum alisimamisha lori mbele ya daraja, akashuka na fimbo, akayagongagonga magogo yake.

"Tulimsema vibaya, na mimi nikiwemo," anakiri Bi Shamsia. "Mvua inatunyeshea, ndizi zinaharibika, yeye anazunguka tu anaguna. Mwisho akageuza lori. Alasiri ile ile gogo la katikati likaenda na maji."

Anapoulizwa mumewe naye huchezaje, anajifunika mdomo kwa kanga. "Baba Asha? Akipata la kupiga, anatabasamu kabla hajapiga. Hawezi kuficha kitu. Ndiyo maana hashindi, na ndiyo maana nimetulia naye miaka kumi na minne."

Honi inalia. Nje, Salum anakagua matairi kwa mara ya tatu, na abiria wameanza kunung'unika. Bi Shamsia anapanda mbele kwa furaha.

Chini ya meza ya kazi, Yunusi anafunua gunia. Kuna bao lililoachwa katikati ya mchezo, kete zikiwa palepale zilipokuwa. Mwaka huu ana matumaini mawili tu: amfunge Salum walau mara moja, na Salum asibadilike.

"Zamu ni yake tangu Jumatano," anasema, akilifunika tena taratibu. "Asiharakishe."