Waridi la Rasim

Tangu mumewe Rasim azikwe, miezi saba sasa, mkono wa Muzeyyen ulikuwa umekufa ganzi mbele ya karatasi. Kwa miaka thelathini alikuwa amechora maua ya vigae katika karakana za mji wa Kutahya, Uturuki, lakini ua la kupamba bomba la maji la sadaka, bomba ambalo ndugu walilijenga kwa jina la marehemu, lilikataa kuja. Bomba lilikuwa tayari, ila mahali pa kigae chenye ua na jina lake palibaki wazi.

Wifi yake Nazire akamletea pasteli za mafuta, zile nene za watoto wa shule.

"Chora ovyo tu, wifi."

"Ovyo? Kwenye jina la kaka yako?"

"Kwani yeye alinyooka lini? Hata kofia ilimkaa upande."

Muzeyyen akavuta karatasi. Alichukua nyekundu, akaizungusha, akaisambaza kwa kidole. Pasteli haifutiki, basi kila kosa akaligeuza jani. Kufikia adhuhuri alikuwa na waridi nono lililoinama.

Kwa mazoea akalitoboa kwa sindano kufuata mistari, akaiweka karatasi juu ya kigae na kuipigapiga kwa kifuko cha vumbi la mkaa, ili vumbi lipite kwenye matundu na kuacha alama za kufuata. Alisahau kwamba mafuta hunasa vumbi. Alipoinua karatasi, kigaeni palikuwa na nukta nne tu.

"Basi tena," alisema Nazire.

Muzeyyen aliisogeza karatasi kando. Kisha akachovya brashi kwenye rangi, akalichora waridi kigaeni bila alama za kufuata, limeinama upande ule ule wa kofia ya Rasim. Machozi yalimtoka, lakini mkono haukusimama.