Mstari Mwekundu wa Ufukweni

Mwanangu, ipo siku moja naikumbuka kila ninapokuona umebeba hiyo projekta kwenda darasani. Sikuonei wivu. Nakuhurumia, maana najua utakachowaonyesha.

Katika shule yetu hapa Bagamoyo, mimi ndiye niliyeanza kufundisha jiografia kwa ramani za kompyuta, na nilitamba kweli kweli. Siku hiyo kidato cha pili tulikuwa na mada ya mmomonyoko wa fukwe. Nikaonyesha ukutani picha ya pwani yetu iliyopigwa kutoka angani miaka mingi nyuma, juu yake nikaweka ya karibuni, kisha nikachora mstari mwekundu pale bahari ilipofika. Watoto walifurahi, kila mmoja akitafuta paa la kwao. Zuhura, binti asiyecheza na somo, hakutafuta paa. Alitafuta makaburi yaliyo ukingoni mwa ufukwe, alikozikwa mama yake.

"Mwalimu," akasema, "mstari ukisogea tena hivyo, mama yangu atakuwa wapi?"

Kengele ikalia. Nikamwambia tutaendelea kipindi kijacho.

Asubuhi babu yake akaja shuleni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuniuliza habari za nyumbani, nikajua amekuja na zito.

"Mwalimu, ulichomfundisha ni kweli," akasema. "Sisi wazee tumeliona hilo siku nyingi, tukanyamaza. Lakini wewe umemwonyesha mtoto bahari inamfuata mama yake, halafu ukamwambia aende nyumbani. Hakulala, na mimi sina la kumwambia."

Tulikwenda pamoja kwa sheikh, akatuambia kaburi likihofiwa kuchukuliwa na maji, inajuzu kulihamisha. Tukakubaliana tungoje Ramadhani iishe, watu wawe na nguvu za kuchimba. Maji ya bamvu, bahari inapojaa kupita kawaida, hayakungoja. Tulipofika na majembe, mimi, babu na wanafunzi wa darasa lile, ukingo ulikuwa umekatika, na pale palipokuwa na kaburi palikuwa na mchanga uliolowa. Babu aliomba dua akiangalia maji, maana hatukujua tena tuangalie wapi. Nililia, mwanangu, mbele ya wanafunzi wangu.

Nilidhani Zuhura atalichukia somo langu. Wiki iliyofuata akaja akasimama mlangoni mwa ofisi.

"Mwalimu, nifungulie ile picha ya zamani."

Nikamfungulia. Akakisogelea kile kidoa cheupe cha makaburi, akakitazama mpaka kioo cha kompyuta kikazima chenyewe. Siku hizi ameolewa Msata, mbali na bahari, na akija mjini bado hupita kwangu kuiomba.

Basi fundisha kwa ramani hizo, sikukatazi. Ila kabla hujachora mstari, ulizia una watoto wa nani darasani, na mstari wako utapita juu ya nini chao. Mtoto akikuuliza, kaa naye hata kengele ikilia. Kama huna jibu, mwambie huna, lakini asirudi nyumbani na swali peke yake. Usimdanganye kwamba bahari itarudi nyuma. Mimi kila mwaka nafungua picha mpya, na sijaiona ikirudi hata mara moja.

Mola akulinde, wewe na darasa lako, akupe na moyo wa kukaa. Mimi nimechoka, sitakuwapo sana. Zuhura akija akinikosa, mfungulie ile ya zamani.