Siku Niliyoizima Bendi

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shamba la mkonge nje kidogo ya mji wa Kilosa, sikupewa spana. Msimamizi wa Mitambo, mzee mrefu aliyepoteza vidole viwili kwenye korona, ile mashine ya kuchana nyuzi za mkonge, alinisimamisha mbele ya jenereta inayonguruma.

"Shikamoo, Bwana Msimamizi," nilisema. Kwa hofu nilikuwa nimesahau kwamba tulikwisha kusalimiana.

"Marahaba kwa mara ya pili. Iguse."

Nikanyoosha kiganja. Akaupiga mkono wangu ukaanguka.

"Unataka mama yako alie? Kiganja kikipigwa na umeme kinajifunga, kinang'ang'ania chuma mpaka ufe. Gusa kwa mgongo wa mkono. Ukipigwa, mkono unajirudi wenyewe."

Kisha akanionyesha waya wa ardhini. Huo ni waya mnene unaotoka kwenye bodi ya mashine hadi kwenye chuma kilichopigiliwa chini, na kazi yake ni kuupeleka ardhini umeme unaovuja, usimpitie mtu. "Ukiiweka mashine mahali papya," alisema, "waya huu kwanza, sala yako baadaye." Nilikuwa nimetoka shule ya misheni, nikayaona hayo maneno ya mtu asiyemcha Mungu. Baadaye nilimwona kanisani kila Jumapili, benchi la nyuma, amepiga magoti kabla ya wote.

Miaka ya soko huria ilipofika, shamba lilipata mmiliki mwingine na wengi wetu tukapunguzwa. Kwa rehema za Mungu nikapata kazi Mikumi, katika hoteli ya watalii, chini ya Fundi Mkuu. Jenereta ya pale ilikaa juu ya zege, na waya wake wa ardhini ulishafungwa kabla sijafika. Nilibadilisha oili, nikasafisha chujio, nikaandika saa za kuwasha na kuzima. Waya ule sikuwa na sababu ya kuugusa. Ndivyo nilivyousahau, taratibu, mwaka baada ya mwaka.

Kwenye chumba cha mashine nilikuwa na redio, na kwenye redio kulikuwa na bendi moja ya dansi niliyoipenda mno. Nilikuwa mzee wa kanisa, kwa hiyo sikulitangaza jambo hilo. Mwimbaji wao alikuwa na wimbo wa kumlilia mama yake, na watangazaji walipenda kusema kwamba hauimbi mpaka avue viatu.

Masika moja mto ulifurika, ukabeba nyumba na mashamba hadi Masanze. Bendi ile ikakubali kupiga bure uwanjani Kilosa, kiingilio kikanunue mabati na mablanketi ya waliofurikiwa. Hoteli ikatoa jenereta. Fundi Mkuu akaniita.

"Mashine haiazimwi bila mwendeshaji wake. Nenda nayo. Na usijifanye hufurahi, redio yako naisikia."

Alasiri ya tamasha uwanja ulifurika watu. Wengine walitembea kwa miguu kutoka Chanzuru na watoto mgongoni. Tuliiacha jenereta juu ya lori nyuma ya jukwaa. Nikaunganisha nyaya, nikawasha, nikasikiliza mngurumo mpaka ukatulia. Kisha nikakimbilia mbele kuitazama bendi. Nasema ukweli wangu: nilikimbia.

Wimbo wa tatu manyunyu yakaanza. Mpiga gitaa alisogeza mdomo kwenye maiki, akaruka nyuma akijifuta midomo.

"Jamani, maiki ya Kilosa inauma!"

Watu wakacheka. Mimi niligeuka kulitazama lori. Lilisimama juu ya matairi ya mpira, na waya wa ardhini ulikuwa umeviringishwa juu ya tangi la mafuta, vilevile nilivyouviringisha tulipoipakia mashine Mikumi. Nilipogeuka tena jukwaani, mbao zimelowa, na mwimbaji ameinama anafungua kamba za viatu.

Sijui nilipitaje katikati ya watu wale. Najua kwamba nilikuwa nikisema "Bwana, ngoja, Bwana, ngoja," na sikujua namwambia Mungu au yule mwimbaji. Nikadandia lori, nikashusha swichi kuu. Spika zikanyamaza.

Uwanja ukaanza kuzomea.

"Fundi kalala!"

"Si yule mzee wa kanisa? Kazima makusudi, hataki dansi!"

"Mshusheni huyo!"

Chupa ikagonga ubavu wa lori. Mwenyekiti wa Kamati ya Maafa alikuja mbio, shati limemganda mgongoni.

"Fundi, watu hawa watavunja uwanja! Washa!"

"Siwashi, Mwenyekiti. Sikufunga waya wa ardhini. Kosa ni langu. Yule kijana akishika maiki miguu mitupu, tutamzika."

Alinitazama, kisha akageuka akawapazia sauti wafanyakazi wa reli waliokuwa karibu. Walileta mtaimbo, wakaupigilia ardhini kwa nyundo mpaka ukabaki kipande cha kufungia waya. Nikaukaza waya, tukamwagia ndoo mbili za maji ili udongo uupokee umeme vizuri. Nikawasha tena.

Mwimbaji alikuwa pembeni, viatu mkononi.

"Kaka, nakuomba leo uimbe na viatu," nilimwambia.

"Fundi, huu sijawahi kuuimba na viatu. Pamekuwa salama au hapajawa?"

Nilivua viatu na soksi, nikapanda jukwaani mbele ya watu wote wale. Mbao zilikuwa baridi. Wengine waliendelea kuzomea, wengine walinyamaza. Niliwawaza mke wangu na watoto, nikawakabidhi kwa Mungu, nikanyoosha mkono, mgongo wake mbele, nikaigusa maiki.

Hakuna kitu. Chuma tu.

Mwimbaji akanyoosha mkono kunishukuru. Nami, kwa hofu iliyokuwa haijanitoka, nikamgusa naye kwa mgongo wa mkono. Akacheka mpaka akainama. "Mzee, mimi sina umeme!" Maiki ikaidaka sauti, uwanja mzima ukacheka.

Wimbo ule nilikuwa nimeusubiri miaka. Niliusikia nikiwa nyuma ya lori, mgongo kwa jukwaa, macho yangu kwenye mtaimbo, namwagia maji.

Siku hizi ni mstaafu, na kanisani kwetu kuna spika kubwa walizonunua vijana. Kila Jumapili, kabla ya ibada, napanda madhabahuni polepole na kuigusa maiki kwa mgongo wa mkono. Vijana wa kwaya hunicheka. Mchungaji husimama na Biblia yake, akisubiri nimalize.

Vijana, nimeeleza kwa nini. Mkiona nimechelewa Jumapili moja, mmoja wenu aiguse.