Mstari wa Mzee Awadhi

Kazi ya Nasma ilikuwa kubuni mabango na fulana katika duka la uchapaji Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo: harusi, vikoba, mikutano ya injili. Lakini kuna bango moja ambalo hakuna mteja aliyeliagiza. Alitaka kuchora historia nzima ya muziki wa dansi wa Dar es Salaam, mtu aione kwa jicho tu. Alitaka kumpa baba yake.

Mzee Awadhi alikuwa mpiga tarumbeta wa Gerezani Jazi enzi zake. Sasa alikuwa amepanga chumba Buguruni, meno ya mbele hana, na tarumbeta haipulizwi kwa ufizi. Kila Ijumaa baada ya swala Nasma alimpelekea pilau, naye mzee akamlipa kwa hadithi.

"Polycarp huyo!" alisema akijipiga goti. "Anakuja dansini kalewa chakari, anashika saksafoni, ukumbi mzima unanyamaza!" Hakusema 'alikuja' wala 'alishika'. Ungedhani Polycarp yuko kibarazani anavua viatu.

Nasma alisikiliza, akirudi anachora. Bendi akazifanya mito, na kila mwanamuziki akawa mstari ndani ya mto wake. Mtu akihama bendi, mstari unapinda na kuingia mto mwingine. Tarumbeta nyekundu, gitaa bluu, saksafoni kijani, ngoma njano. Miaka ilitembea kutoka kushoto kwenda kulia, na pale mtu alipofariki, mstari ulikoma.

Leticia, mwenye ukumbi wa maonyesho Upanga, alipouona mchoro huo alipiga vigelegele. Wakauchapa ukafunika ukuta mzima.

Siku ya ufunguzi Mzee Awadhi alikuja na suti ya bendi, imempwaya mabegani. Vijana walimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia marahaba huku macho yake yakiwa ukutani. Akaweka kidole kushoto, kwenye miaka ya mwanzo, akaanza kufuata. Alicheka alipofika pale bendi ilipovunjika. Akaukuta mstari wa kijani ukienda sambamba na ule mwekundu, bega kwa bega, bendi baada ya bendi.

Kisha ule wa kijani ukakatika. Kidole kikasimama.

Akatazama juu, akatazama chini. Bluu zimekatika. Njano zimekatika. Mto wote ulikuwa umekauka, umebaki mstari mmoja mwekundu ukienda peke yake kwenye weupe mpaka ukingoni.

"Huyu nani?"

"Ni wewe, Baba." Sehemu ile ndiyo Nasma aliyojivunia kuliko zote.

"Mbona wameniacha?"

Leticia alikuwa akiwaita wapige picha.

"Ukate," mzee akasema taratibu. "Ukatie hapo hapo kwa Polycarp."

"Lakini uko hai, Baba."

"Hai, ndiyo. Nakula, nalala. Lakini huu ni mchoro wa muziki, mwanangu."

Akaomba bajaji, akarudi Buguruni kabla hotuba hazijaanza.

Ijumaa iliyofuata Nasma alikwenda na pilau kama kawaida. Mzee alimkaribisha vizuri, akauliza habari za kazi, akalalamikia bei ya mkaa. Nasma akamchokoza kidogo: "Hivi Polycarp alikuwaje siku ile ya dansi la Mnazi Mmoja?"

"Polycarp alikufa," baba yake akajibu, akaendelea kula.

Hapo ndipo Nasma alipoelewa alichomfanyia. Miaka yote mzee aliishi na wenzake mle chumbani, wakiingia na kutoka watakavyo. Yeye, kwa mapenzi yake yote na rangi zake nzuri, alikuwa amemwonyesha makaburi yao yote kwa mara moja.

Aliendelea kumpelekea chakula mpaka masika, mzee alipofariki usingizini. Hadithi nyingine hakuisikia. Baada ya arobaini Leticia alimpigia simu: bango linatakiwa Arusha, je, Nasma aukomeshe ule mstari wa baba yake? Nasma alifungua kompyuta, akaweka kishale kwenye ule mwekundu, akakaa hivyo mpaka wenzake wakaanza kufunga duka. Kisha akamjibu kwamba bango halitakwenda popote.