Wiki Mbili Bila Sauti

Mimi ni mtu wa mdomo, sijawahi kuficha. Kwa miaka sita nilikuwa sauti ya Kiswahili ya mama mmoja katika tamthilia ya Kifaransa. Akilia nalia, akigombana na mkwe wake nagombana naye, midomo yake ikifungwa na yangu iwe imefungwa. Nilirekodia stoo, nyumbani kwetu Lanet, magodoro yameegeshwa ukutani, na lori likipiga honi huko barabara ya Nairobi nilirudia upya huku nikimtukana dereva. Kazi nyingine sikuijua.

Kwa hivyo sauti ilipoanza kukwaruza, nilijidanganya ni vumbi. Nikanywa tangawizi, nikanywa ndimu na asali, nikamfokea kila aliyetaja hospitali. Halafu siku moja nikapiga mayowe kwenye onyesho la mazishi, ikatoka hewa tupu.

Daktari wa mjini aliona uvimbe mdogo kwenye nyuzi za sauti, akasema lazima ukatwe. Nikamuuliza kama sauti itarudi. Akaangalia karatasi zake kwanza.

"Itarudi. Lakini siwezi kukuahidi itakuwa ileile."

Haki, hayo maneno niliyaogopa kuliko kisu.

Nikapasuliwa, nikaamriwa nikae kimya wiki mbili, hata kunong'ona marufuku. Mimi! Niliishi na daftari na kalamu, na kila nikimeza mate nilisikiliza koo kwa woga. Prodyuza akanitumia ujumbe nisijali, wamepata dada wa kunishikia nafasi kwa muda. Hilo "kwa muda" nililisoma hadi simu ikazima.

Wiki mbili zilipoisha daktari alisema, haya mama, ongea sasa, polepole. Nikamwandikia kwamba nitaanzia nyumbani. Nyumbani ikapita siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mume wangu alinibembeleza mpaka akachoka.

"Neno moja tu, mama. Hata nitukane."

Ghai, sikuweza. Nilipokuwa kimya, sauti yangu bado ilikuwa mle ndani, nzima. Nikifungua mdomo ningejua ukweli, na huo ukweli niliuogopa kama mtoto anavyoogopa sindano.

Siku ya nne jioni tamthilia ikaanza. Mume wangu alikuwa jikoni akiosha vyombo. Nikapunguza sauti ya televisheni, maana nilitaka kumsikia mrithi wangu peke yangu, nimkosoe vizuri. Yule mama wa Kifaransa akaingia sebuleni kwake, akamwita mumewe: "Njoo basi, ukae na mimi kidogo."

Nilitafuta kosa. Midomo ililingana. Hata ile pumzi ninayoivuta kabla ya kulia, dada wa watu alikuwa ameichukua.

Jikoni sufuria ikaanguka. Mume wangu akaja mbio, mikono imejaa povu, machozi yanamtiririka, akanikumbatia kwa nguvu.

"Asante Mungu," akasema. "Umeongea."