Mashine Isiyo na Ndugu

Nilipokuwa mwandishi wa leteri yetu, upande wa Ngungu, nilikuwa na vitu viwili tu vya kujivunia. Cha kwanza ni kompyuta ndogo iliyopasuka pembe, iliyokula umeme wa jua. Cha pili ni mchumba, ambaye baba yake alikuwa hajaniambia ndiyo wala hapana. Leteri lilikuwa jina kubwa kwa mahali padogo: kibanda cha mbao na bati ambamo tulitengeneza jibini. Kila asubuhi watu wa milima ile walishuka na bidoni zao za maziwa, wakazipanga mstari mmoja kwenye majani, wakasubiri kupimwa.

Kilichopimwa ni maji. Ng'ombe hutoa maziwa matupu, lakini kati ya zizi na leteri kuna vijito vingi, na mkono wa binadamu ni mwepesi. Tulikuwa na Mama mmoja mpimaji, mjane mwenye sauti ya chini, ambaye alitumbukiza kipimo cha kioo kinachoelea ndani ya maziwa. Maziwa mazito hukisukuma juu, yenye maji hukiacha kizame. Thelathini ni maziwa safi. Ikiwa chini ya ishirini na nane, bidoni inarudi nyumbani, na mwenye bidoni anaifuata kilimani mchana kweupe huku jirani wakimhesabia hatua.

Yule Mama hakupenda aibu hiyo. Akikuta maji, mara ya kwanza alimvuta mtu pembeni, akamnong'oneza, na yakaishia hapo. Basi watu wakaanza kusema kwamba ananong'oneza ndugu zake tu. Ukweli ni kwamba kwenye mlima wetu nani si ndugu wa nani, lakini maneno yalishatoka. Mkubwa wa leteri, Papa mwenye tumbo kubwa na subira ndogo, akanifuata mezani.

"Weye iko na ordinateur," akasema, akiigusa kompyuta yangu. "Fanya mashini njo iseme nani alitia maji. Mashini haina ndugu."

Sikulala njaa siku hiyo, nilishiba sifa. Nilikuwa nimejifunza kwa rafiki mmoja wa Goma namna ya kupaka rangi kwa masharti: unaiambia kompyuta, namba ikishuka chini ya kiasi fulani, paka nyekundu, nayo inapaka yenyewe bila kukuuliza. Mtu mwingine angepaka namba. Mimi nilitaka jina lenyewe la mtu ndilo liwe jekundu, kwa sababu namba haioni haya. Nikabonyeza ile herufi iliyo juu kabisa ya safu ya majina, safu nzima ikakamatika kutoka juu hadi mwisho wa dunia. Kisha nikaiandikia sharti: tazama namba iliyo pembeni, anzia mstari wa pili, kwa kuwa mstari wa kwanza ni vichwa vya safu. Nilijiona mimi ndiye mimi.

Nilipoijaribu mbele ya mkubwa wa leteri kwa majina matano, chini ya majina hayo safu yote ilikuwa nyekundu. Nikateremka, nyekundu. Nikateremka tena, nyekundu mpaka kidole kikachoka.

"Na hawa ba chini njo banani?" akauliza.

"Hakuna muntu pale, Papa. Iko nafasi ya wale hawajafika."

Akafikiri. "Hawajafika, na tayari balitia maji?"

Akacheka hadi akashika meza. Ilikuwa hivi: kisanduku kitupu, kwa kompyuta, ni sifuri, na sifuri iko chini ya ishirini na nane. Nilikuwa nimewahukumu watu wasiozaliwa. Nikaongeza sharti kwamba kisanduku kitupu kiachwe kwa amani, wekundu wa chini ukafutika, na mimi nikaamini kwamba kosa lilikuwa lile moja tu. Nakasirika hadi leo nikikumbuka nilivyofunga kompyuta ile kwa mbwembwe, kama padri anayefunga kitabu.

Sasa lazima nieleze foleni. Baba wa mchumba wangu alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kofia na maneno machache, na alikuwa mbahili wa maziwa kuliko mtu yeyote niliyemjua. Yote yalikuja leteri, na nyumbani kwake, kwa miaka mingi, chai ilikuwa ikinywewa kavu, bila maziwa. Mama yangu mzazi naye alikuwa na ng'ombe wawili. Tangu maneno ya uchumba yaanze, hakukubali kusimama mahali pengine ila nyuma ya mzee huyo, ili amsalimie kwa heshima kila asubuhi na kumuuliza habari za magoti yake. Jumamosi iliyofuata ndipo familia yetu ingepanda kwao kujitambulisha. Kama mzee angetupokea, ningeoa. Kama asingetupokea, kulikuwa na mwalimu mmoja wa Nyabiondo mwenye pikipiki ambaye naye alishaulizia njia ya kwenda pale.

Asubuhi ya kwanza ya mashine, Mama mpimaji alipima bidoni zote bila kusema neno, kama alivyoagizwa. Aliandika kila namba kwenye karatasi, kwa mpangilio wa foleni, akaniletea. Nikaziingiza. Nikawa bado naandika ya mwisho nilipoona tayari jina moja limewaka katikati ya safu. Lilikuwa jina la mzee wa kanisa.

Nilitazama rangi ile, nikatazama mlango. Mkubwa wa leteri alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Soma," akasema.

Nakiri kwamba baada ya hofu kilikuja kitu kibaya zaidi, nacho ni kiburi. Niliwaza kwamba leo mlima wote utajua mimi si mtu wa kupendelea, hata mkwe simwachi. Nikasimama mlangoni na kompyuta mkononi, nikasoma jina lile kwa sauti ambayo ingefika soko la Ngungu. Kisha mtu mmoja wa nyuma akasema taratibu, "Kumbe mzee wa kanisa anabatizaka mpaka maziwa."

Walicheka vibaya. Mzee hakujitetea. Alivua kofia, akaitazama ndani kama mtu anayetafuta kitu, akaivaa tena, akainua bidoni yake. Mama yangu, nyuma yake, alikuwa akitazama majani. Nilidhani anaona haya kwa ajili ya mkwe.

"Ngoja, Papa," Mama mpimaji akamwambia mzee.

Alikuja na kipimo chake, akaifungua ile bidoni mbele ya watu wote, akakitumbukiza. Kioo kikaelea juu.

"Makumi tatu na moja," akasema. "Vile vile niliandika. Sasa tuangalie hii ya nyuma."

Nyuma ilikuwa bidoni ya mama yangu. Kipimo kilizama.

"Makumi mbili na tano. Na hii pia niliandika. Mutoto, mashini yako iko na macho, lakini inaangaliaka jirani."

Ndipo kwa mara ya kwanza asubuhi ile nilisoma namba. Mstari wa mzee: thelathini na moja, jina jekundu. Mstari wa mama yangu: ishirini na tano, jina jeupe safi. Nikaelewa, na nikatamani ardhi ipasuke. Nilikuwa nimeikamata safu kuanzia juu kabisa, kwenye kichwa cha safu, lakini nikaiambia mashine ianze kutazama mstari wa pili. Basi kichwa cha safu kilitazama namba ya mtu wa kwanza, mtu wa kwanza akatazamiwa namba ya mtu wa pili, na hivyo hivyo hadi chini. Kila jina lilivaa dhambi ya aliyesimama nyuma yake.

Mama yangu alifunga kitenge chake upya, ingawa hakikuwa kimelegea.

"Ni miye," akasema. "Chupa mbili."

"Nilikuambia jana, pembeni," akasema Mama mpimaji, kwa upole.

"Uliniambia. Lakini ningefanya je? Kila asubuhi ninapelekaka chupa mbili za maziwa kwa mama wa binti, juu ya ile mambo ya Jumamosi. Bidoni ikifika hapa haiyajaa, batauliza. Njo nikajaza ku kijito."

Mzee wa kanisa akaweka bidoni yake chini.

"Ile maziwa inakuwaka mu chai yangu," akasema, "bibi yangu, mama wa binti, aliniambia ni ya ng'ombe yetu."

"Ni ya kwangu, Papa."

Mzee aliitazama bidoni ya mama yangu. "Ilikuwa tamu," akasema, kwa sauti ya mtu anayetubu. Watu walicheka tena, safari hii vizuri, na hata yeye mdomo ulimcheza. Nikadhani tumepona. Akanigeukia.

"Weye ulisoma rangi, haukusoma namba. Binti yangu utamusoma namna gani?"

Nilisimama na kompyuta yangu kifuani, uso ukiwaka kuliko safu yoyote, na niliona haya ya kweli. Nilimwomba msamaha. Akasema amesikia, lakini Jumamosi hatutapanda. Kwa mwezi mzima nitasimama kwenye foleni kando ya Mama mpimaji, na kila bidoni nitasoma namba yake kwa mdomo wangu mwenyewe. Baada ya hapo ataona.

Kuirekebisha mashine kulinichukua muda wa kumeza mate: nilibadilisha mbili ikawa moja. Mwezi haukumezeka hivyo. Nilisoma namba kwenye mvua, nilisoma nikiwa na mafua, nilisoma ya mama yangu kila siku wakati yeye ananikazia macho kama mgeni. Ilikuwa thelathini, thelathini, ishirini na tisa, thelathini. Chupa mbili aliendelea kuzipeleka, ila sasa bidoni yake ilifika na pengo juu, na alipoulizwa alijibu kwa kujivuna kwamba pengo hilo liko kwenye chai ya mzee wa kanisa. Na kila mara nilipofika kwa mzee mwenyewe, nilisema thelathini na moja, naye akaitikia kwa kichwa.

Asubuhi ya mwisho ya mwezi Mama mpimaji alikitumbukiza kioo kwenye bidoni ya mzee, akakitazama, akakifuta, akakitumbukiza tena. Kisha akanisogezea nione mwenyewe. Kiliniambia ishirini na tano.

Nilimtazama mzee. Alikuwa akitazama kilima cha ng'ambo. Ningeweza kusema thelathini na moja, na hakuna mtu ambaye angejua isipokuwa sisi watatu. Mama mpimaji alikuwa bingwa wa kunong'ona. Kichwani nilimuona mwalimu wa Nyabiondo akipanda na pikipiki yake. Nyuma ya mzee, mama yangu alikohoa kikohozi cha kunionya, ingawa sikujua ananionya niseme au ninyamaze.

"Makumi mbili na tano," nikasema.

"Sema tena," akasema mzee. "Kule nyuma hawakusikia."

Nikasema tena. Foleni yote ilisikia, na safari hii hakuna aliyecheka. Mzee alirekebisha kofia, akainua bidoni, akaanza kupanda kilima nayo. Alipofika kwenye kona alisimama bila kugeuka.

"Jumamosi mukuye," akasema, akaendelea.

Tulikwenda, tukapokewa, na chai ilikuwa ya maziwa. Sasa tuna watoto watatu. Mke wangu anasema baba yake alitia maji makusudi, ili anipime, na kwamba mtu mwenye akili angeliona hilo siku ile ile. Husimulia hivyo kila wageni wakija, na wageni hutikisa vichwa kwa heshima. Mama yangu huwaacha waondoke kwanza, ndipo anasema.

"Kumupima muntu, chupa moja ingetosha. Makumi mbili na tano ni chupa mbili, za kujaza pengo ya chai. Miye ninajua."