Joho la Kuazima

Kwenye ukuta wa sebule ya Milka, juu ya televisheni, kuna picha yake akiwa amevaa joho jeusi na kofia ya pembe nne. Wakenya wa kanisani wakija kunywa chai huitazama, ndiyo maana humwita Mwalimu, ingawa kazi yake ni kuogesha na kulisha wazee katika makao fulani ya Castle Vale, mjini Birmingham, Uingereza. Milka hajawahi kuwasahihisha. Jina tamu kama hilo, nani alirudishe?

Mwezi wa tisa, shule ya bintiye Cheryl kule Shard End ilianzisha darasa la chuo kikuu. Mhadhiri angekuja kila Alhamisi kufundisha historia hapo hapo shuleni, na atakayefaulu angehesabiwa somo hilo akifika chuoni. Nafasi zilikuwa za watoto ambao wazazi wao hawana digrii. Cheryl, aliyekulia chini ya picha ile, alijaza fomu kwa fahari kwamba mamake anayo. Akakosa nafasi.

Alirudi nyumbani, akajifungia chumbani, akakataa hata chapati. Milka alisimama nje ya mlango akisikia kwikwi, na moyo ukamwuma, kwa sababu ukweli aliujua yeye peke yake Birmingham nzima. Joho lilikuwa la Roselyne, mwenzake wa bweni la chuo kikuu kule Eldoret. Siku Roselyne alipohitimu, Milka alienda kumpongeza, akaliazima kwa dakika tano, akapigwa picha. Yeye mwenyewe aliacha masomo mwaka wa pili, mamake alipopatwa na kiharusi na kukosa mtu wa kumgeuza kitandani. Aliaga kwamba anaenda kwa muhula mmoja. Muhula huo haujaisha hadi leo.

Angeweza kunyamaza tu. Cheryl angelia wiki moja, na Mwalimu angebaki Mwalimu. Lakini alishuka ngazi, akaitoa picha msumarini, akapanda nayo.

"Joho si langu," alisema mlango ulipofunguka. "Sikumaliza chuo."

Cheryl aliitazama picha, kisha mamake. "But mum, ulisema."

"Nilisema, ndiyo."

Kesho yake walienda pamoja kwa Bi Rajni, aliyesimamia darasa lile. Kwenye fomu, swali la digrii ya mzazi lilikuwa na visanduku viwili tu, ndiyo na hapana. Hakikuwepo cha mtu aliyekaa mstari wa mbele miaka miwili kisha akaondoka na madaftari yake. Milka alitia alama kwenye hapana kwa mkono wake mwenyewe, na Bi Rajni akasema nafasi moja bado ipo.

Alhamisi ya kwanza Milka aliomba kutoka kazini mapema. Alimpokea Cheryl mlangoni kwa maswali: mhadhiri aliandika nini ubaoni, walikaa vipi, anakubali kubishiwa? Huko hakukuwa kumchunguza mtoto. Alikuwa akimwonea wivu binti yake wa kumzaa, na aibu ilimshika, ila kujizuia hakuweza.

Cheryl alivua viatu, akaketi, akafungua ukurasa wa kwanza wa daftari. Kabla ya kusoma akasita, macho yake kwenye ule msumari mtupu.

"Mum, kwani uliipenda? Uni?"

Miaka ishirini Milka alikuwa akipongezwa kwa digrii asiyokuwa nayo. Swali hili hakuna aliyewahi kumwuliza.

"Niliipenda sana, mwanangu," alisema, akamsogelea kwenye kochi. "Sasa soma. Soma polepole."